Kinywa cha Mtoto na Majina ya Maradhi Yake: Kutoka Kigego hadi Meno ya Plastiki

Wanahistoria wa nchi zetu wameandika mengi juu ya vita, misafara, falme na biashara. Machache sana yameandikwa juu ya kinywa cha mtoto mchanga. Wala si ajabu, kwa kuwa mtoto mchanga hana maneno, na historia aghalabu hujengwa kwa ushahidi wa wasemao. Lakini kinywa hicho kisichosema kimesemewa na watu wengi. Mama yake amekisemea, na bibi yake, na mkunga, na mganga, na mmisionari, na tabibu wa serikali. Na kila mmoja wao alikuja na majina yake. Katika makala haya nakusudia kuyafuata majina hayo, moja baada ya jingine, nikitazama hasa miteremko ya Kilimanjaro, kutoka mji wa Moshi hadi Mkuu katika Rombo. Dai langu ni fupi. Maradhi mawili ya kweli ya kinywa cha mtoto, yaani utando mweupe na kuoza kwa meno ya utotoni, hayakupata jina thabiti katika Kiswahili. Na pale jina la kweli lilipokosekana, jina la hofu liliingia likakaa. Hofu hiyo imewagharimu watoto wengi meno yao, na baadhi yao uhai wao.

Kwanza yafaa tuyaeleze maradhi yenyewe, ili msomaji asiye tabibu ajue tunazungumza juu ya nini. Utando mweupe huonekana juu ya ulimi, ndani ya mashavu na katika kaakaa la mtoto, mfano wa maziwa yaliyoganda. Maziwa hufutika kwa kitambaa safi. Utando huu haufutiki kwa wepesi, na ukibanduliwa kwa nguvu huacha nyama nyekundu yenye kuuma. Mtoto hulia anaponyonya, au huacha kunyonya kabisa. Asili ya utando huo ni kuvu mdogo sana asiyeonekana kwa macho, wa jamii moja na hamira, yaani ndugu wa mbali wa vile viumbe vichachushavyo mbege katika mitungi ya Wachaga. Kuvu huyo huishi katika vinywa na matumbo ya watu wengi bila madhara. Mtoto mchanga humpata wakati wa kuzaliwa, au katika mikono ya walezi, au katika chuchu za mama na za chupa. Na kwa kuwa kinga yake bado ni changa, kuvu huweza kustawi kupita kiasi.

Maradhi ya pili huja baadaye kidogo, meno yakisha kuota. Bakteria waliomo kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha ngozi ngumu ya jino. Kwa watoto wadogo dalili ya kwanza ni mstari mweupe uliofifia karibu na ufizi wa meno ya mbele ya juu. Mstari huo hugeuka kahawia, kisha jino hubomoka. Meno ya mbele ya chini aghalabu husalimika, kwa kuwa ulimi huyafunika na mate huyaosha. Mtoto hupata maumivu, hushindwa kutafuna na kulala, na uchafu wa jino lililooza waweza kuingia katika mfupa wa taya.

Haya ni maradhi ya kawaida, yaonekanayo kwa macho, na yenye dawa. Basi ilikuwaje yakakosa jina, ilhali mambo mengine ya kinywa cha mtoto yalipata majina mazito?

Jina zito la kwanza ni kigego, au kijego kama wengine wasemavyo. Edward Steere alilitia katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, na kamusi zilizofuata zimelihifadhi hadi leo. Kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pwani na bara, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa ni nuksi kwa jamaa zake, na katika baadhi ya jamii hakuachwa kuishi. Neno limebaki, ingawa hukumu yake imekwisha. Mtu mzima mwenye kisirani bado huweza kuitwa kigego, na yule amwitaye hivyo pengine hafikirii meno hata kidogo.

Tutazame jina hili linatufundisha nini. Wazee wetu hawakuacha kutazama kinywa cha mtoto. Walikitazama kwa makini sana, hata wakajua ni jino lipi limetokeza kwanza, na siku gani. Lakini walikitazama kama mtu atazamavyo anga kutafuta ishara ya mvua. Swali lao lilikuwa: mtoto huyu ametuletea heri au shari? Halikuwa: mtoto huyu anaumwa wapi? Jicho lililozoea kutafuta ishara huuona mpangilio wa meno kuliko hali ya meno. Kwa sababu hiyo Kiswahili kilipata neno moja kamili, lisilohitaji maelezo, kwa jambo lisilomdhuru mtoto hata kidogo. Na kwa maradhi yamdhuruyo hakikupata ila maneno ya kupapasa.

Maneno hayo ya kupapasa ni kama haya. Utando ni neno litokanalo na kutanda: utando wa buibui, utando juu ya maziwa yaliyochemshwa. Lasema jinsi kitu kionekanavyo, halisemi kitu hicho kimetoka wapi. Ukungu ni neno jingine litumikalo, nalo lina maana ya uoto wa mkate uliokaa siku nyingi; lakini kwa mtu wa mlimani ukungu ni ule ushukao kila asubuhi kutoka msituni ukafunika migomba, na ukimwambia kwamba mwanawe ana ukungu mdomoni hutakuwa umemwambia kitu. Siku hizi zahanati husema fangasi, neno la kigeni ambalo watu wengi hulihusisha na miguu ya wavaa viatu. Na kuhusu meno, watu husema tangu zamani kwamba jino limeliwa na mdudu, au lina dudu. Wengine husema tu kwamba ni bovu.

Msomaji asidhani kwamba upapasaji huo ulikuwa wa Waafrika peke yao. Hippocrates wa Wayunani aliutaja ugonjwa wa vidonda vya kinywani kwa watoto wachanga, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili baada yake matabibu wa Ulaya hawakujua asili yake. Ni katika mwaka 1839 ndipo Langenbeck, tabibu Mjerumani, alipoona uzi wa kuvu katika utando wa namna hiyo kwa darubini. Na katika miaka ya 1840 Fredrik Berg wa Stockholm akaonyesha kwamba utando wa watoto wachanga watokana na kuvu huyo. Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro na theluji yake mwezi Mei mwaka 1848, elimu hiyo ilikuwa ngeni hata huko kwao. Jina la kitaalamu litumikalo sasa, Candida, lilitolewa na Christine Berkhout, mwanamke Mholanzi, mwaka 1923 tu. Na mdudu wa jino, ambaye tunamcheka tukimsikia kwa bibi zetu, aliaminiwa na watu wa Babeli katika maandiko yao ya udongo na akaaminiwa Ulaya kwa karne nyingi. Mfaransa Pierre Fauchard alimkataa mwaka 1728. Lakini maelezo ya kuridhisha juu ya bakteria, sukari na asidi yalitolewa na Mmarekani W. D. Miller, aliyefanya kazi Berlin, katika kitabu chake cha mwaka 1890. Wakati huo wamisionari Waingereza walikuwa wamekwisha kukaa Moshi miaka mitano.

Basi wageni hao walipopanda mlima hawakuja na elimu kamili juu ya kinywa cha mtoto. Walikuja na elimu iliyokuwa ikizaliwa. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walifika mwaka 1885. Wakatoliki wakajenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig wakafika mwaka 1893. Nyuma yao zilikuja zahanati na hospitali. Baada ya uhuru, mwaka 1971, ilifunguliwa hospitali kubwa ya KCMC mjini Moshi. Na huko Mkuu, makao makuu ya wilaya ya Rombo, hospitali ya Huruma imekuwa kimbilio la akina mama wa upande wa mashariki wa mlima, ambako maji ni haba na njia ya kwenda Moshi ni ndefu.

Katika zahanati hizo utando mweupe ulipata dawa, lakini haukupata jina. Dawa yenyewe ilikuwa maji ya rangi ya zambarau, ambayo watu waliyaita jivii kwa kufuata herufi mbili zilizoandikwa chupani. Mama aliyetoka zahanati na mtoto mwenye kinywa cha zambarau alijulikana njia nzima. Aliweza kusema mwanawe amepakwa nini. Hakuweza kusema mwanawe anaumwa nini. Baadaye ilikuja dawa nyingine, nistatini, iliyogunduliwa mwaka 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, wakaiita kwa jina la jimbo lao la New York. Hiyo nayo ilitolewa kwa matone, na mama akaambiwa mara ngapi kwa siku. Lugha ya zahanati ilikuwa lugha ya amri: paka, nywesha, rudi baada ya juma. Ni lugha yenye faida, na imeokoa wengi. Lakini amri isiyo na maelezo haikai katika kumbukumbu ya ukoo. Bibi, ambaye katika nyumba ya Mchaga ndiye mwenye neno wakati mzazi yumo ndani baada ya kujifungua, akilishwa mtori na maziwa na kukatazwa kazi, hakuongezewa kitu katika elimu yake. Alibaki na maneno aliyorithi.

Wakati huo huo maradhi ya pili yalikuwa yakipata chakula chake. Mlima ulikuwa umeingia katika biashara ya kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilileta mabati, karo za shule, na pia duka. Na chini ya mlima, huko Arusha Chini, mwenye meli wa Denmark, A. P. Møller, alinunua shamba kubwa mwaka 1930, na kabla ya vita vya pili vya dunia shamba hilo, TPC, likawa linatengeneza sukari. Mtu aliyesimama kihambani mwake katika siku ya anga safi aliweza kuona uwanda ulimotoka sukari hiyo. Chai yenye sukari ikawa heshima ya mgeni, na uji wenye sukari ukawa mapenzi kwa mtoto. Hakuna aliyekusudia ubaya. Sukari ilikuwa dalili ya nyumba iliyofanikiwa, kama nguo ya Krismasi.

Hapo lazima nitaje jambo moja ambalo limewachanganya watu wa Kilimanjaro na Arusha, nalo ni rangi ya kahawia katika meno. Rangi hiyo hutokana na madini ya floraidi yakizidi mwilini katika miaka ya utoto, meno ya ukubwani yanapoumbwa ndani ya taya. Kuna mahali floraidi imo katika maji. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha watu wa mkoa wa Kilimanjaro wenye madoa makali ilhali maji yao yana floraidi kidogo mno, na macho ya wataalamu yakaelekea katika magadi yatiwayo katika kiburu na maharagwe. Meno ya kahawia yaweza kuwa mazima, na meno meupe yaweza kuwa yanaoza. Lakini katika lugha ya kila siku yote mawili ni meno mabaya. Mzazi aliyezoea kuona kahawia katika meno ya ukoo mzima hashituki aonapo kahawia katika meno ya mtoto wa miaka miwili. Huona kwamba ni maji ya kwetu, akanyamaza, na jino likaendelea kubomoka.

Wataalamu wenyewe nao hawakuwa imara katika majina. Mwaka 1962 tabibu Mmarekani aitwaye Fass aliandika juu ya watoto walazwao na chupa ya maziwa kinywani, na tangu hapo maradhi yakaitwa kwa jina la chupa. Jina hilo lilikuwa na hukumu ndani yake: kosa ni la chupa, na la mama aliyeitoa. Lakini katika miaka ya 1990 Mecky Matee wa Muhimbili na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa Tanzania walionyonya maziwa ya mama, na wakakuta miongoni mwao meno yaliyooza kwa namna ile ile. Waliona pia kwamba meno yaliyoumbika na kasoro katika ngozi yake huathirika kwa urahisi zaidi. Kwa ushahidi wa namna hiyo, kutoka nchi mbalimbali, jina la chupa liliachwa polepole, na tangu katikati ya miaka ya 1990 wataalamu husema tu kuoza kwa meno ya utotoni. Hapa pana funzo. Jina lililoharakisha kumpata mkosaji lilifunga macho ya watu wasione wagonjwa wengine. Wala mtu asitoe hapo sababu ya kumnyima mtoto ziwa la mama. Faida zake ni kubwa mno. La kuangalia ni sukari iongezwayo, na jino lisilosafishwa tangu lilipoota.

Sasa tumefika katika jina la kutisha kuliko yote, nalo ni meno ya plastiki.

Katika miaka ya 1980 zilienea Tanzania habari kwamba watoto wachanga wanaota meno yasiyo ya kweli, meupe, laini, yaliyojificha ndani ya ufizi, na kwamba hayo ndiyo yaletayo homa, kuhara na kutapika. Wengine waliyaita meno ya nailoni. Dawa yake, walivyosema, ni kuyang'oa kabla hayajamwua mtoto. Waganga walipasua ufizi kwa kisu, wembe au chuma kilichochongoka, wakatoa kitu cheupe, laini, wakamwonyesha mama. Mama aliona kwa macho yake mwenyewe, nani angembishia?

Alichoonyeshwa kilikuwa jino la mwanawe. Chonge za utotoni huumbika ndani ya ufizi miezi mingi kabla ya kutokeza, na kabla hazijajaa madini huwa laini na nyeupe. Ufizi juu yake huvimba kidogo na kuonyesha weupe. Hakuna mtoto asiye na chonge hizo, na kwa hiyo kila mtoto aliyepelekwa kwa mganga na homa yoyote alikutwa na meno ya plastiki. Kuhara kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Na kulipokoma, sifa ilikuwa ya kisu. Kusipokoma, ilisemwa kwamba wamechelewa.

Jambo hili halikuzaliwa Tanzania. Mwaka 1969 Pindborg, mtaalamu wa Denmark, alikuwa amekwisha kuandika juu ya watoto wa kaskazini mwa Uganda waliong'olewa chonge changa kwa sababu ya homa. Na huko Uganda jina ebino lajulikana hadi leo. Sudan na Kenya pia zina habari zake. Lakini jina la plastiki lilivuma kwetu katika wakati wake maalum, na mwanahistoria hana budi kuuliza kwa nini. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni hali ya nchi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 uchumi ulidhoofika na zahanati nyingi zilikosa dawa. Klorokwini, iliyotegemewa kwa malaria, ilianza kushindwa na vimelea, hata ikaachwa rasmi mwaka 2001. Mama alimpa mtoto dawa aliyoijua, na homa haikuondoka. Homa isiyosikia dawa hutaka maelezo mapya.

Sababu ya pili imo katika neno lenyewe. Plastiki ilikuwa kitu kipya kilichojaa nyumbani: ndoo, sahani, kandambili. Ilikuwa mfano wa chungu, wa kibuyu, wa ngozi, wala haikuwa kimojawapo. Kitu kifananacho na cha kweli, kitokacho mbali, kisichooza. Kusema kwamba mtoto ana meno ya plastiki ni kusema kwamba ugeni umeingia ndani ya mwili wake na kujifanya sehemu yake. Kigego lilikuwa jina la mtoto mzima mwenye nuksi. Meno ya plastiki ni jina la nuksi iliyotengwa na mtoto, iwezayo kukatwa na kutupwa. Kwa upande mmoja ni hatua ya huruma, kwa kuwa mtoto halaumiwi tena. Kwa upande mwingine ni mwaliko wa kisu. Jicho ni lile lile la zamani, lenye kutafuta ishara. Ishara tu imebadilika.

Madhara yake yameandikwa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa meno wa Tanzania, miongoni mwao Kikwilu na Hiza, walichapisha habari za watoto waliokosa chonge za utotoni kwa kung'olewa. Kisu kisicho safi huleta usaha, na pepopunda, na damu nyingi kwa mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji kwa kuhara. Jino la ukubwani, ambalo mbegu yake imekaa nyuma ya lile la utotoni, huweza kuharibika au kutoota kabisa. Na kubwa kuliko yote, siku ambayo mtoto angepewa maji ya chumvi na sukari, au dawa ya malaria, ilipotea njiani kwenda kwa mganga.

Katika miaka hiyo hiyo utando mweupe nao ulipata hofu yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na haikuchukua muda watu wakajua kwamba kinywa chenye utando ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huo. Ni kweli kwamba utando usiokoma, au umrudiao mtoto mkubwa mara kwa mara, wataka uchunguzi. Lakini utando wa mtoto mchanga, mwenye afya nyingine zote, ni jambo la kawaida duniani kote. Kwa kukosa jina la kutenganisha mambo hayo mawili, mama aliyeona weupe katika ulimi wa mwanawe aliweza kuuficha kwa kuogopa majirani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyefichwa alikuwa mtoto, naye hakuwa na ulimi wa kujiumbulia.

Elimu ya karibuni imeongeza jambo ambalo halikutazamiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba yule kuvu wa utando na yule bakteria mkuu wa kuoza meno, Streptococcus mutans, husaidiana. Wakikaa pamoja mbele ya sukari hujenga utando mzito zaidi juu ya jino, na katika panya wa maabara meno yaliharibika vibaya zaidi kuliko pale kila mmoja alipokuwa peke yake. Kuvu huyo hupatikana mara nyingi katika uchafu wa meno ya watoto wenye kuoza kukali. Haina maana kwamba kila mtoto mwenye utando ataoza meno. Ina maana kwamba kinywa ni shamba moja, na mambo tuliyoyaweka katika majina mbalimbali, moja la mtoto mchanga na jingine la mtoto wa miaka mitatu, yana mizizi inayokutana.

Hapa huenda msomaji akanipinga. Atasema kwamba jina haliponyi. Lililokosekana lilikuwa dawa, maji safi, barabara na waganga wa meno, wala si msamiati. Pingamizi hili ni la haki, na sina nia ya kulipunguza. Mtoto wa Mkuu hakuhitaji kamusi alipokuwa akihara. Alihitaji maji ya kunywa na muuguzi wa karibu. Lakini nauliza: mama aliyekuwa na zahanati upande mmoja na mganga upande wa pili, wote wawili kwa mwendo ulio sawa, kwa nini alikwenda kwa mganga? Mganga alimwambia jina la kitu, akamwonyesha kitu chenyewe, akamweleza kilivyoingia na kitakavyotoka. Zahanati ilimwambia apake. Binadamu hufuata maelezo kabla ya kufuata dawa. Palipo na huduma, jina ndilo humwelekeza mtu mlangoni pake.

Kwa hiyo kazi hii ni yetu pia, sisi tunaosoma na kufundisha lugha. Baraza la Kiswahili lilianzishwa mwaka 1967, na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina umri mkubwa kuliko hilo. Istilahi za sheria, za siasa na za sayansi zimetungwa kwa maelfu. Naona yafaa tukubali utando wa kuvu kuwa jina la maradhi ya kwanza, kwa kuwa lasema kionekanacho na asili yake kwa pamoja. Na kuoza kwa meno ya utotoni kuwa jina la maradhi ya pili, kwa kuwa halimlaumu mtu wala halimtaji mdudu. Na meno ya plastiki yapewe jina lake la haki, yaani chonge changa, ili kila mama ajue kwamba kile kilicho cheupe ndani ya ufizi ni mali ya mwanawe.

Majina hayo hayatafika kihambani kwa kuandikwa katika majarida kama hili peke yake. Yatafika yakisemwa na muuguzi mbele ya bibi, si mbele ya mama tu. Yakisemwa pamoja na sababu zake: kwamba chuchu za mama na za chupa husafishwa na kutibiwa pamoja na kinywa cha mtoto, ama sivyo kuvu atarudi. Kwamba jino la kwanza likiota hufutwa kwa kitambaa safi tangu siku hiyo. Kwamba uji una utamu wake hata bila sukari. Kwamba homa na kuhara havikai katika ufizi. Ni maneno machache, na Kiswahili chaweza kuyabeba yote bila kuazima. Yakikaa katika kinywa cha bibi kama kigego kilivyokaa kwa karne nyingi, mtoto atakayezaliwa Mkuu mwakani atatazamwa kinywani na watu wanaotafuta panapouma.